Siku Hizi Spana Ninayo Mwenyewe

Mimi ni mjane, mtu mzima, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Ninaloshuhudia ni dogo, ila limenibadilisha: siogopi tena maji ya nyumba yangu.

Zamani kikivuja chochote chooni, niliweka kopo chini nikasubiri fundi. Mabomba niliyahesabu kuwa mambo ya wanaume, na tangu baba watoto atangulie mbele za haki, kopo ndilo lililobaki. Safari hii ikavuja ile koki ndogo ya ukutani inayopeleka maji kwenye tangi la choo. Nikampigia kijana anayetufanyia kazi, kumbe yuko saiti Kibaha.

“Mama, hiyo unaiweza. Ipanguse ikauke kabisa, halafu chukua tishu uone inaanza kulowa wapi.”

“Mwanangu, mimi na mabomba wapi na wapi?”

Lakini nikapangusa. Nikaigusisha tishu sehemu moja moja. Ukutani pakavu. Kwenye mpira unaopanda tangini pakavu. Shingoni, chini ya kishikio, ikalowa.

Akanieleza. Maji yakitoka shingoni, mara nyingi koki bado nzima. Imelegea nati inayobana pete laini iliyozunguka kijiti cha kishikio. Yakitoka kwenye mpira, tazama wosha. Yakitoka ukutani, koki itolewe, nyuzi zizungushiwe tepe nyeupe upya.

Nikafunga koki ya mita. Nikakishika kishikio kisizunguke, nikakaza nati kwa spana malaya, robo mzunguko tu, maana alinionya kwamba ukikaza kwa hasira kishikio kitagoma kugeuka, au koki yenyewe itapasuka. Nikafungulia maji. Tishu ikabaki kavu.

Tone moja kila sekunde hukaribia ndoo ya lita 20 kwa siku. Kwa mwezi ni kama lita 600, zaidi ya nusu ya uniti, nawe unalipia. Kwa sisi tunaoujua mgao wa maji, kopo langu lilikuwa linaficha hasara tu.

Sasa nikifanya usafi mkubwa, nazifunga na kuzifungua koki zote za nyumba, kwani koki isiyoguswa miaka hukwama kwa chumvi, na siku ya dharura inakukatalia. Binti zangu nao wanajua. Fundi bado namwita koki ikioza au bomba likipasuka ndani ya ukuta, ila namwambia kabisa panapovuja, naye anafika na kifaa kinachohitajika. Hata bei tunaelewana upesi.

Mama mwenzangu, koki ya mita yako iko wapi, na inafunga? Kama hujui, katazame leo, wakati sakafu bado kavu.