Nilimzuia Mjomba Asiende Hospitali

Mjomba wangu alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, nami nikamwambia ana misuli iliyokakamaa. Sikusema hivyo mara moja tu. Mkaza mjomba alipotaka kumpeleka akapigwe picha, nilimjibu mbele ya watu kwamba huko wataishia kumpa vidonge vya kutuliza maumivu au kumtajia kisu, na kwamba mgongo ule niachiwe mimi. Nikaachiwa. Tangu hapo ndugu wengi wamenifariji kwamba sikujua, na asiyejua hana kosa. Ni kweli mengi sikuyajua. Lakini lipo moja nililolijua nikalinyamazia, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mimi ni mchuaji. Kazi hii niliianzia kwa bibi yangu, aliyekuwa akichua wazazi na watu walioteguka, kisha nikasoma kozi fupi, nikafanya kazi jimu, mwishowe nikafungua chumba changu Tandika. Wateja wangu wengi ni wapagazi, mafundi cherehani na madereva wa malori ya Tunduma. Ninachokifanya zaidi ni kulegeza utando wa misuli. Aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua utando huo: ni ule mweupe, mwembamba, unaong'aa kati ya ngozi na mnofu, ambao ukiufuata kwa kisu unauona umeingia hadi ndani ya nyama na kuigawa mafungu mafungu. Wataalamu huuita fashia. Mtu akishinda kwenye usukani au akiinamia cherehani kutwa, shingo na kiuno hukaza, na kila akigeuka anahisi kama kuna kitu kinamvuta.

Kumfungua mtu huyo hakuhitaji nguvu. Unaweka viganja bila mafuta, kwa sababu mafuta yanautelezesha mkono na wewe unataka ushike. Unaegemea polepole hadi unapohisi mwili umekataa, kisha unatulia hapo hapo, husugui wala hubonyezi zaidi, dakika moja na nusu, mbili, pengine hata tano. Halafu panalegea. Mgonjwa anavuta pumzi ndefu, na wewe unahisi nyama inashuka chini ya kiganja chako. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado sekunde zile zinanifurahisha.

Furaha hiyo ndiyo iliyonipoteza. Niliamini kwamba panapolegea, nimeubandua utando ulionata, yaani nimeugusa ugonjwa wenyewe kwa mkono wangu. Sikulitunga mwenyewe wazo hilo. Ida Rolf, mwanabiokemia wa Marekani aliyefariki mwaka 1979, alifundisha kwamba mikono inaweza kuubadilisha utando huu ukawa laini, na walimu wengi wamefuata nyayo zake. Lakini mwaka 2008 watafiti huko huko Marekani walipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kuugandamiza utando mgumu wa pembeni mwa paja na ule wa unyayo, hata kwa asilimia 1 tu, wakakuta ni nguvu kubwa mno, isiyo ya kawaida kwa mwili wa binadamu. Kwa hiyo kulegea upesi namna ile huenda, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya neva. Mwili umeguswa kwa utulivu, ukaacha kujikaza. Nafuu ni ya kweli, ila haikwambii kwa nini mwili ulijikaza.

Mgongo wa mjomba ulikuwa umekaza kweli, hilo sikumdanganya. Kandokando ya uti, katikati ya mgongo kushuka chini, misuli yote miwili ilisimama ikawa migumu hata kidole hakizami. Ilikuwa imesimama ulinzi. Vijidudu vya kifua kikuu mara nyingi hutoka kwenye mapafu, vikasafiri na damu hadi kwenye pingili na kuanza kuzila, na misuli ya jirani hujikaza ili pingili zile zisitikisike. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Mjomba hakukohoa. Ugonjwa huu si mgeni: daktari wa upasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, aliueleza mwaka 1779, pamoja na namna unavyopoozesha miguu. Mimi nilimwondoa mlinzi huyo kila mjomba alipokuja, nikampa usiku mmoja au miwili ya usingizi, na mlinzi akarudi. Nami niliona sifa kwamba mjomba anarudi kwangu.

Dalili nilizipitia kwa mikono na macho yangu. Siku moja alifungua mkanda ili alale kitandani, nikaona tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, kingo zake bado zina manyuzi ya ngozi. Nikampongeza. "Kitambi kimekwisha, mjomba, unapendeza." Akacheka. Fulana yake ilikuwa mbichi kwa jasho, akasema homa za jioni zinamsumbua, nikamwambia ni uchovu wa safari zake za lori. Akasema maumivu yanamwamsha usiku hata akiwa amelala kimya. Maumivu ya misuli kwa kawaida hupungua mtu akipumzika, na hilo nilikuwa nimefundishwa darasani. Nilipogonga pingili moja kwa ncha ya kidole aliruka, nikahamisha mkono pembeni na kuendelea.

Yote hayo naweza kuyaita ujinga. Sasa nafika kwenye lile moja.

Jioni moja tulipomaliza alishuka kitandani, akavaa kandambili, akaanza kwenda mlangoni. Nikasikia ile ya kushoto inaburuzika sakafuni. Mguu haukunyanyuka. Akageuka akaniambia, "Mguu huu siku hizi unakufa ganzi, mpwa wangu." Niliogopa. Nasema niliogopa kwa sababu palepale nilijua kwamba mguu unaoburuzika hauko chini ya mamlaka ya mikono yangu, na kwamba alipaswa kwenda hospitali usiku uleule. Lakini nilishasema mbele ya ukoo kwamba hospitali hapana. Nikamjibu, "Ni msuli wa kalio umebana neva, mjomba. Rudi ulale kidogo." Akarudi akalala. Nikamchua tena. Na akanilipa.

Hayo sikumwambia mtu yeyote, hata alipozidiwa. Ilifika asubuhi hakuweza kusimama, mkaza mjomba hakuniuliza tena, akatafuta bajaji na kumpeleka. Huko hospitali picha zilionyesha pingili mbili zimeliwa na usaha umekandamiza neva kuu ipitayo ndani ya uti. Daktari aliniambia, bila ukali, kwamba si mikono yangu iliyozila pingili. Kilichomuumiza mjomba ni kuchelewa. Nimelirudia neno hilo mara nyingi kichwani. Kuchelewa hakukuja kwenyewe. Mimi ndimi niliyekuwa nakurefusha, kila jioni aliyotoka kwangu amepata nafuu.

Mjomba alimeza dawa kwa karibu mwaka mzima. Miguu ilirudi, si yote. Anatembea kwa fimbo, mgongo umebaki na kibyongo, na lori alilokuwa akiendesha limepewa mtu mwingine. Nilipokwenda kumwomba radhi nikamweleza habari ya kandambili, alinyamaza, kisha akasema, "Wewe ulikuwa unanilaza, mpwa wangu. Siku nikitoka kwako nilikuwa nalala." Alikusudia kunifariji. Mkaza mjomba alisema, "Nimesikia," akaendelea kuchambua mchele, na mimi sina haki ya kumdai zaidi ya hapo.

Sijaacha kazi. Kuchua na kulegeza utando kunawasaidia watu wenye maumivu ya kiuno, shingo na mabega yanayotokana na misuli, kwa kiasi, na zaidi wakichanganya na mazoezi. Sitaki mtu asome haya akaogopa kuguswa. Ila sasa mteja wangu halali kitandani kabla hatujazungumza. Namuuliza kama amepungua uzito bila kutaka, kama ana homa au jasho la usiku, kama maumivu yanamwamsha, kama miguu inakosa nguvu au ina ganzi, kama anashindwa kuzuia mkojo au choo. Namuuliza kama aliwahi kuugua saratani, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu huyo kubonyezwa kunaweza kumvujisha damu ndani. Aliyevimba mguu mmoja, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, simgusi mguu huo kabisa: huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na ikisukumwa ikafika mapafuni anaweza kufa. Wengine hukasirika nikiwarudisha. Waende wamekasirika.

Wachuaji wenzangu, mnaofanya kazi hii majumbani, majimuni na saluni, ninawaomba jambo moja. Mgonjwa akirudi kwenu na maumivu yaleyale, msijisifu kwamba mikono yenu imependwa. Muulizeni, na mkiona mguu unaburuzika, mpelekeni wenyewe, hata kama jana mlisema vingine mbele ya watu. Na wewe ambaye mgongo unakuuma wiki baada ya wiki, unakonda na kutoka jasho usiku, usingoje kukohoa ndipo uende. Katika vituo vya serikali Tanzania, matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure.