Wazururaji wa Barazani

Mwaka 1983 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Kariakoo, na kila alasiri nikitoka shule niliwakuta wazee wale wale kwenye baraza ya nyumba yetu, bao katikati yao. Babu yangu, kuli mstaafu wa bandarini, ndiye aliyekuwa akiogopwa. Akishaingia kwenye mtaji, kete zilikimbia mkononi mwake usijue ameanzia shimo gani. Muuza kahawa alipita na mdila wake, akigonganisha vikombe, na mchezo ukasimama ili watu wabishane vizuri.

Cha kubishania hakikukosekana. Ulikuwa mwaka wa foleni: sabuni foleni, sukari foleni, na unga wenyewe ule wa njano, tuliouita unga wa Yanga. Serikali, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele, ilianza na wahujumu uchumi. Kisha ikawageukia wasio na kazi. Ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi: kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na asiye nayo akalime. Watu wakawa wanasimamishwa barabarani kudaiwa kitambulisho, na waliokosa wakapakiwa kwenye malori kupelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini hata kabla mvua haijanyesha.

Nilidhani babu angeilaani sheria ile. Wapi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema, na akatukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia methali hiyo alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962. Ila alishikilia pia sehemu nyingine ya andishi lile: kwamba mzee wa zamani aliyeonekana kustarehe huku wengine wakihangaika alikuwa ameshafanya kazi ujana wake wote. "Mimi magunia nimeyabeba," alisema. "Na mwaka 1947 tulipogoma bandarini, tulikaa bure kwa makusudi. Kukaa kule ndiko kulikotuongezea mshahara."

Jirani yetu mmoja alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Vipuri havikuwapo, fedha za kigeni za kuviagizia hazikuwapo, na mashine zilikuwa zimelala. Alikwenda asubuhi, akakaa, akarudi jioni. Huyu alipita mbele ya mgambo kifua mbele kwa sababu kitambulisho alikuwa nacho. Muuza kahawa, aliyeamka alfajiri kuwasha mkaa na kuzunguka Gerezani na Ilala mpaka usiku, ndiye aliyekuwa akichungulia kona kabla ya kukata mtaa. Baadaye wachuuzi wa namna yake walipewa leseni, nazo watu wakaziita leseni za nguvu kazi. Siku alipopata yake, mtu yule yule na mdila ule ule wakaacha kuwa uzururaji.

Kwa hiyo hoja ya serikali mimi inanishinda kuitetea, ingawa najua njaa ilikuwa ya kweli. Pale barazani ndipo michango ya mazishi ilipokusanywa na ugomvi wa wapangaji ukaamuliwa. Hata habari kwamba duka la ushirika limeshusha sukari ilianzia pale. Hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya kuandika kazi hizo.

Lakini kuna hoja ya mama. Miaka mingi baadaye nilimsimulia insha ya Bertrand Russell ya mwaka 1932, inayousifu uvivu na kusema saa nne za kazi kwa siku zingetosha. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na jikoni zamu ya nani?" Azimio la Arusha nalo lilishaligusa jambo hilo mwaka 1967: liliandika waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu yeyote nchini, na wanaume wa huko huko wako likizo nusu ya maisha yao. Ajabu ni kwamba huko ndiko wazururaji wa mjini walikopelekwa wakajifunze kazi!

Mama hakuhitaji Azimio wala insha. Mwaka ule ule wa malori, alasiri moja alitoka uani na sinia la maharage yenye mawe, akalitua juu ya bao, kete zikatawanyika. "Baba, midomo inafanya kazi, mikono je?" Wazee wakaangaliana. Babu akaanza kuchambua, wengine wakamfuata kwa aibu, na ubishi juu ya Sokoine ukaendelea pale ulipokuwa umeishia, safari hii hakuna aliyeweza kunyanyuka kabla maharage hayajaisha.