Mombo, mji usiomwacha mwandishi aandike

Mwandishi wa hadithi anayeshuka Mombo akitafuta utulivu ameshuka kituo sicho. Utulivu uko juu, Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona. Mombo iko chini, kwenye joto, pale barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapokutana na ile inayopanda milima ya Usambara. Basi halijasimama sawasawa, beseni la peasi limeshafika dirishani, nyuma yake plamu na karoti, na sauti tatu zinamwita abiria mmoja "mjomba".

Sura aliyopanga kuimaliza asubuhi hiyo itasubiri. Anaketi mgahawani, anaagiza chai, anafungua daftari. Meza ya pili dereva wa lori na utingo wake wanabishana juu ya deni la spea, na mtu anayeishi kwa kutunga visa hawezi kuziba masikio. Akitoka nje, kijana wa bodaboda anamwuliza, "Mzee, twende wapi?" Akijibu kwamba haendi popote, anatazamwa kama mtu anayeumwa.

Basi anatembea. Anafika stesheni ya reli, ambayo Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1905 wakitokea Tanga. Anapita kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, anasimama kumtazama mama anayefukuza ndege kwa kupiga debe, na hapo saa nzima imekwenda. Jioni daftari lina mistari minne, miwili kati yake ni hesabu ya nauli.

Ni uvivu? Mkoa huu wa Tanga una jibu lake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, hakuwahi kuwa na anasa ya kukaa mezani siku nzima. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kisha akahamishiwa Mpwapwa, baadaye akarudi kufanya kazi Tanga. Safari ile ya Mpwapwa, pamoja na adha zake, aliisimulia katika Maisha Yangu. Mkewe Amina alifariki akamwachia malezi ya watoto, naye akawatungia: Hati kwa binti yake Mwanjaa, Adili kwa mwanawe Suleiman. Mpaka anafariki mwaka 1962 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20. Mzazi anayesoma haya kwenye simu huku uji ukichemka anaweza kukadiria mwenyewe saa hizo zilipatikana wapi. Kazi yake, safari zake na msiba wake viliingia katika maandishi yake. Angevikwepa, sehemu ya vitabu hivyo isingekuwepo.

Na mwili nao una madai yake. Kukaa kitini saa nyingi bila kuinuka huumiza mgongo na shingo, kwa mwandishi kama kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Mzunguko wa kutoka mgahawani hadi mpungani na kurudi ni dawa isiyouzwa duka la dawa, ingawa Mombo mtu atembee asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, na abebe maji. Usiku alale ndani ya chandarua. Huku tambarare mbu hawana simile.

Akikata tamaa kabisa na ile sura, hupanda gari la Lushoto. Hapo ndipo familia zenye watoto hupata kazi. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, korongo upande mmoja, mwamba upande wa pili, na mtoto anayecheza gemu kwenye simu huanza kutapika hata Soni hajafika. Akae mbele, atazame barabara, dirisha liwe wazi kidogo, na asishindiliwe chakula kizito kabla ya kupanda. Plamu zilizonunuliwa Mombo zisubiri maji safi ya kuoshea.

Soni, maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani. Hewa imeshabadilika, abiria wanatafuta masweta. Mwandishi yuko kiti cha nyuma ya dereva, daftari limefungwa magotini, anamsikiliza bibi wa kiti cha pembeni akieleza kwa nini mkwewe hakuja kwenye arusi. Bibi ameanzia mbali sana, na Lushoto imekaribia.