Mbegu Dirishani



Ninyi mlioko Bukavu au Kalemie mtacheka mkisikia ya kuwa huku Ubelgiji watu hupanda nyanya chumbani, karibu na kitanda. Kwetu mbegu hutupwa nyuma ya jiko, mvua ikanyesha, kazi imekwisha. Lakini hapa Brussels mwezi wa tatu udongo wa nje ungali baridi, na usiku mwingine maji huganda. Mbegu ya nyanya haiamki katika baridi. Yataka joto la digrii 20 hata 25. Tena mtu akingoja nje kupate joto, kiangazi chao kifupi kitapita kabla matunda hayajaiva. Ndiyo sababu huanzia ndani, majuma sita hata manane mbele.

Tulianza siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, pamoja na mtoto wetu wa miaka mitano. Tulitoboa vikopo vya yogati chini, tukavijaza udongo laini. Mtoto alitia mbegu moja moja, akazifunika kwa udongo usiozidi unene wa kidole chake. Maji tulimpa kwa kijiko. Mtoto akipewa birika atafanya mto, na mche mchanga ukilowa mno huoza shingoni.

Sasa kuna neno. Kabla ya Noeli mama mzee wetu alifariki Bukavu. Hatukuweza kusafiri, mazishi tuliyaona kwa simu, na mtoto aliona pamoja nasi: shimo, sanduku, udongo. Naye bibi yake huyo alimwita Nyanya. Basi alipokwisha kufunika kikopo cha mwisho, alisimama na kijiko mkononi, akauliza: «Na Nyanya ataota lini?»

Tulitazamana. Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja, na mtoto alifikiri sawasawa na maneno aliyopewa. Ilikuwa rahisi kumjibu «karibu», apate kulala. Hatukupenda. Mtoto aliyeambiwa karibu huhesabu siku. Nyanya za kikopo zingetoka, na Nyanya wake hapana. Angetuona sisi waongo, na labda Mungu pamoja nasi. Tukamwambia polepole: mbegu hii ni kavu, lakini ni hai, na Mungu ametia ndani yake nguvu ya kuota. Mwili wa Nyanya umekufa kweli. Hautaamka kwa maji wala kwa joto. Yesu mwenyewe atamwita siku ya mwisho, na siku hiyo hakuna mtu aijuaye. Sasa twamwombea.

«Kwa hiyo si mwezi wa tano?»

Si mwezi wa tano. Akalia sana, nasi tukamwacha alie. Siku ya mazishi hakulia.

Siku ya nane miche ilitokea, mingine ikivaa bado ganda la mbegu kichwani. Tukaisogeza dirishani, kwa maana ikikosa mwanga hurefuka kama uzi na kuanguka. Kila asubuhi mtoto hugeuza vikopo, kwa kuwa miche huinamia kioo.

Nje haitatoka bado. Wakulima wa hapa hungoja kwanza wapite Watakatifu wa Barafu: Mamerto, Pankrasi, Servasi na Bonifasi, tarehe 11 hata 14 Mei, maana baridi ya usiku huweza kurudi mpaka siku hizo. Servasi alikuwa askofu wa Tongeren, katika nchi hii hii, karne ya nne. Wengine husema ni mambo ya wazee. Sisi twaifuata kalenda hiyo, na mtoto ameyashika majina hayo manne kuliko ya wajomba zake.

Vikopo vilikuwa kumi na viwili, na miche ni kumi na mmoja. Miwili tumemwahidi mama mmoja Mflamani wa ghorofa ya chini, mwenye bustani ndogo. Kikopo kimoja hakikuota kitu. Tulitaka kukimwaga, mtoto akakataa. Kipo dirishani pamoja na vingine, naye hukitilia kijiko chake cha maji kila asubuhi. Anangoja nini humo, hatujamwuliza.