Kelele ya Shilingi Elfu Saba

Neno ambalo mjomba wangu halipendi kabisa ni "tangu". Tangu uiguse. Tangu uifungue. Mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wanalijua vizuri: unambadilishia mtu kioo, kesho anarudi mkono kiunoni, "tangu ubadilishe kioo, simu haishiki chaji." Mjomba naye ni fundi, ila anatengeneza redio za ndege, na huko "tangu" ikishaandikwa kwenye karatasi unaweza kumwaga unga.

Mwaka jana aliletewa redio ya Cessna 208, zile ndege za injini moja zinazopeleka watalii visiwani na mbugani. Ilikuwa hairushi sauti vizuri. Akaitengeneza, akaipima mezani, akasaini. Wiki mbili baadaye kampuni yenye ndege, ndogo tu na sitaitaja, ikaandika: tangu ukarabati, redio ina kelele. Karibu na Dar rubani anausikia mnara bila shida, lakini akielekea Mafia sauti zinazama. Malipo yamesitishwa. Kazi zao nyingine nazo zingehamia kwingine, na kazi zao ni karibu nusu ya kipato cha karakana.

Wasiozijua redio hizi wanaweza kudhani kelele ni kero tu. Ndege huzungumza na mnara kwenye megahezi 118 hadi 137, kwa mtindo wa AM, uleule uliobeba Redio Tanzania enzi za bibi zetu. Kuna sababu ya kung'ang'ania kitu cha kizamani. Kwenye FM, mwenye nguvu humfunika mnyonge hata usijue kama alisema. Kwenye AM, wawili wakisema pamoja unasikia mluzi, kwa hiyo unajua kuna mtu umemkosa. Hata hivyo mluzi si maneno. Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, jumbe mbili ziligongana hewani, na ndani ya ndege ya KLM ukasikika mluzi mahali ambapo onyo lingesikika. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, ukungu ukiwa mojawapo, lakini mimi nikifika kwenye ule mluzi huwa nafunga kitabu kwanza.

Mjomba aliirudisha redio mezani. Safi. Akaipima siku nzima ikiwa imepata moto. Safi. "Mama," akaniambia (nina jina la mama yake), "kesho huna kipindi, twende uwanjani."

Ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mawasiliano, na tasnifu yangu inahusu kelele. Ninaitengeneza kwenye kompyuta kwa mstari mmoja wa programu: kelele iliyosambaa sawasawa kwenye masafa yote, isiyo na chanzo wala bei. Mjomba aliposikia hivyo alicheka. "Ya kwangu ina mwenyewe."

Ndege ile ina redio mbili za aina moja. Akazibadilisha nafasi. Ubovu ukihama na redio, redio ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, mtuhumiwa ni waya, konekta au antena. Haukuhama wala haukubaki. Haukuwepo kabisa. Akakagua antena, maana chumvi ya bahari inakula konekta kimyakimya. Hakuna kitu. Nilianza kumhurumia, kwa sababu hakuna ripoti mbaya kwa fundi kama ile ya "hatukuona tatizo."

Ndipo rubani akaja, kijana mwenye adabu, akatoa shikamoo. Mjomba akamuuliza, "Kapteni, hiyo kelele unaisikia na kwenye redio ya pili?"

"Ile huwa nimeipunguza sauti, mzee."

"Hebu kaa. Fanya kila kitu kama unaondoka."

Akakaa. Akawasha umeme, akavaa vifaa vya masikioni, akachukua tableti yenye ramani zake akaichomeka kwenye chaja ndogo iliyokuwa kwenye soketi. Spika ikaanza kuchemka kama mafuta yanayosubiri chapati. Redio zote mbili. Mjomba akachomoa chaja. Kimya. Akachomeka. Chapati.

Chaja ilinunuliwa Kariakoo, shilingi elfu saba, wiki ileile ambayo redio ilikuwa kwa mjomba. Chaja za namna hii hushusha volti kwa kukata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato hurusha vimawimbi vinavyoweza kufika hadi masafa ya ndege, na waya wa USB unakuwa antena. Ya maana ina vichujio. Hii haikuwa navyo. Karibu na mnara sauti ilikuwa na nguvu ya kuishinda, mbali ikashindwa. Mezani redio ilikuwa safi kwa sababu mezani hakuna tableti.

Mjomba hakuridhika na chaja moja. Jumamosi tukaenda Kariakoo na betri ya bodaboda ndani ya kikapu, soketi ya gari, na redio ya mkononi inayonasa masafa ya ndege. Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika, maspika yakishindana bei, na mzee wa miaka sitini na moja ameinamia chaja kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. "Mzee wangu, hiyo ni orijino," muuzaji akamhakikishia. Ikachemka. Tulijaribu kumi na moja. Nane zilipiga kelele, na bei haikusaidia sana kubashiri zipi. Pawabenki nazo tukazisikiliza, kwa kuwa nyingine zina ugonjwa huohuo. Vijana wakajaa. Mmoja akauliza kama tunatafuta madini.

Yote aliyaandika kwenye daftari, kisha kwenye ripoti ya kurasa mbili aliyoniomba nimchapie. Nilitaka kuongeza sentensi moja kali, akaifuta.

Malipo yaliingia baada ya wiki tatu, na kazi zao zimebaki. Gharama ya kuifungua redio mara ya pili na ile siku ya uwanjani havikuwemo, na mjomba ameamua kutovidai. Mimi ningevidai.