Kupa, Kuachia na Kukabidhi

Viko vitenzi vitatu ambavyo wanafunzi wetu huvichanganya mara kwa mara: kupa, kuachia na kukabidhi. Kumpa mtu kitu ni kukifanya kiwe chake. Kumwachia ni kuondoka, au kufa, kitu kikabaki kwake. Kumkabidhi ni kukitia mkononi mwake, pengine kwa kutunza tu. Darasani, kosa hilo hupunguza alama moja au mbili. Nyumbani laweza kuvunja undugu. Hayo tumeyaona hapa Rwanda, pale wazazi wetu walipoamua, wangali hai, kumpa nyumba yao kitinda mimba wetu, ambaye ni binti.

Mila ya Wanyarwanda inalo neno lake la jambo hili: umunani. Hapo kale umunani ulikuwa fungu la ardhi ambalo baba alimkatia mwanawe wa kiume alipooa, apate kujenga na kulima. Baba hakungoja kufa ndipo agawe. Binti hakuhesabiwa, kwani ilidhaniwa kuwa atakula kwa mumewe. Sheria ya mwaka 1999 iligeuza mambo: watoto wa kike na wa kiume walipewa haki sawa katika urithi na katika fungu litolewalo na wazazi walio hai. Sheria ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake haikuurudisha ubaguzi ule.

Lakini mazoea hayafi siku sheria inapopigwa muhuri. Kaka zetu waliuliza: nyumba ya baba itakwendaje kwa ukoo mwingine binti huyu akiolewa? Baba aliwahesabia mmoja mmoja: huyu alipata shamba, yule kiwanja, mwingine mbao na mabati ya kujengea. Aliyekuwa hajapata kitu ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akiwapikia na kuwauguza. Hoja ikaisha.

Kumbe swali kubwa lilikuwa bado. Aliyeliuliza ni mama: "Mkishampa, mimi nitaitwa nani humu ndani?" Ieleweke kwamba nchi nzima ilipoandikisha ardhi, kazi iliyofanywa hasa kati ya mwaka 2009 na 2013, mume na mke waliooana kisheria waliandikwa wote wawili katika hati. Nyumba haitolewi bila ridhaa ya wote wawili. Hivyo kalamu ya mama ilikuwa na uzito sawa na ya baba, naye hakuwa tayari kuishika.

Tulipomsikiliza vizuri tulitambua kuwa hakukataa kutoa. Kwa Kiswahili tunachokifundisha, mama alikubali kupa, ila hakukubali kuachia. Aliogopa kugeuka mgeni katika nyumba aliyoizalia, na wahenga walikwisha kutuonya: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Basi tukakaa pamoja, tukaandika. Kwanza, nyumba ni mali ya binti. Pili, wazazi watakaa humo, chumba chao na bustani yao, hadi wa mwisho wao atakapofariki. Tatu, maadamu mmoja wao yu hai, nyumba haitauzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake. Wazazi wote wawili walitia sahihi mbele ya mthibitishaji wa mikataba ya ardhi, nasi watoto tukawa mashahidi. Kisha jina likabadilishwa katika daftari la serikali. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wako wazazi wanaodhani kuwa kuandika masharti ni kumtilia mtoto shaka. Sisi twaona kinyume chake: mtoto mwema ndiye anayelindwa na maandishi, asije akasingiziwa na nduguze kesho kwamba alimrubuni mzee.

Leo nyumba ni ya mdogo wetu. Wazazi nao wamo nyumbani mwao. Sentensi hizo mbili zaweza kuwa za kweli pamoja, mradi kitenzi kimechaguliwa kwa makini na wino umekauka.