Safari ya Nyakarenzo: kwale, kamba na waya

Mwezi uliopita nilipewa ruhusa ya kutoka kambi yetu ya Kiziba nikaenda Nyakarenzo, wilaya ya Rusizi, ile sehemu ambayo wazee mpaka leo wanaiita Cyangugu. Dada yangu mdogo ameolewa huko. Alijifungua mtoto wa tatu, na mama akasema itakuwa aibu kama hakuna mtu wa kwetu atakayekwenda kumpongeza. Basi nikafunga vitenge viwili na kilo tano za unga wa ulezi, nikaondoka.

Nilifikiri nitawaletea habari za mtoto tu. Mtoto ni mzima, ni mvulana, analia kwa nguvu. Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni habari ya ndege.

Aliyewahi kupita barabara ya Kibuye kwenda Kamembe anaijua: kona, daraja, kona tena. Ziwa Kivu liko mkono wa kulia karibu safari nzima. Ng'ambo unaona kisiwa cha Idjwi, na nyuma yake, kama hakuna ukungu, unaona milima ya Kalehe. Kwetu ni huko. Siku hiyo hakukuwa na ukungu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza mbona nimegeuza shingo muda wote kama mtu aliyelala vibaya. Nikamwambia naangalia nyumbani. Hakuuliza tena.

Kamembe ni mji wa mpaka, unashuka kidogo tu unafika mto Rusizi na Bukavu iko mbele yako. Kiswahili kinasemwa sokoni bila shida. Hapo nikachukua taximoto upande wa barabara ya Bugarama. Nyakarenzo ni vilima: migomba, mihogo, maharage, kahawa, na mikaratusi juu kabisa. Ukiangalia kusini nchi inateremka kwenda bonde la Bugarama ambako wanalima mpunga na joto ni kali. Ukiangalia mashariki unaona weusi mrefu wa msitu. Hiyo ndiyo Nyungwe. Upande huu wa kwetu kuna kipande kimoja kidogo kilichobaki peke yake, kinaitwa Cyamudongo, hekta kama 300 hivi, kimezungukwa na mashamba pande zote. Ndani yake kuna sokwe mpaka leo. Nacho ni sehemu ya mbuga ya Nyungwe ingawa kimetengana nayo.

Baba mkwe wa dada yangu ni mzee sana. Wote wanamwita Muzehe, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Anafuga nyuki. Ana mizinga kumi na mmoja nyuma ya nyumba, na akikutana na mgeni anaanza na asali kabla ya chai. Jioni ya kwanza, baada ya kula ubugari na sombe, nilisikia sauti kutoka bondeni, ile sauti kali ya kukwaruza inayorudiarudia jua likizama. Nikasema kwa sauti, "Kwale!" Muzehe akageuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akauliza, "Wewe mtoto wa kambini, kwale umemjulia wapi?"

Kumbe Muzehe alikuwa mwindaji. Si wa kubahatisha, mwindaji kabisa, mwenye mbwa watatu wenye njuga shingoni. Alianza akiwa kijana. Nyungwe ilikwisha kutangazwa hifadhi tangu 1933, wakati wa Wabelgiji, lakini watu waliendelea kuingia kutafuta nyama, asali, miti na dhahabu. Anasema alipokuwa mtoto wazee walikuwa wakizungumza habari za nyati kama jambo la kawaida. Nyati waliisha katika miaka ya 1970. Tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Muzehe anasema siku aliposikia habari hiyo alikaa chini ya mparachichi mpaka giza, na wiki ile akagawa mbwa wake. Mwaka 2004 msitu ukafanywa mbuga ya taifa, na mwaka 2023 ukaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. "Mimi nilikuwa nimeshaacha," anasema. "Hawakunikuta na kitu."

Tulizungumza mpaka usiku. Alinieleza kwale wa msituni, yule mwekundu-kahawia mwenye kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu na miguu myekundu, ambaye hatoki nje ya milima yetu hii inayozunguka maziwa: Rwanda, Burundi, Uganda, Kongo. Huyo hapendi kuruka, anapendelea kukimbia chini ya majani. Mbwa anamfuata, njuga inalia, halafu njuga inanyamaza. Ikinyamaza, mwindaji anajua mbwa amesimama mbele ya ndege. Hapo ndipo, anasema, unamjua mwindaji ni mtu wa namna gani. Mwenye pupa anatupa rungu kwenye kichaka bila kuona. Mwenye adabu anangoja ndege aruke, amwone ni jogoo au ni mama, ana vifaranga au hana. Kama vifaranga wametawanyika kwenye majani, unaita mbwa wako mnaondoka. Hata kama nyumbani hamna kitu. "Mbwa anakuchukia siku hiyo," alisema Muzehe, akacheka.

Mimi nilinyamaza, kwa sababu babu yangu mzaa mama kule juu ya Kalehe alisema karibu maneno yale yale. Yeye hakuwa na mbwa, alikuwa na mitego ya kamba. Kamba yenyewe aliisokota kwa nyuzi za mgomba. Kila alipotega mtego mmoja alifunga fundo moja kwenye uzi aliouvaa mkononi, na kila alipoutegua alifungua fundo. Alikagua asubuhi na jioni. Hakulala na fundo mkononi kama anajua kesho hatapita. Sisi watoto tulimcheka.

Asubuhi Muzehe aliniamsha kabla ya jua, akasema twende tuwasikilize. Tulipanda mpaka mwisho wa shamba lake la maharage, pale vichaka vinapoanza. Umande ulitulowesha mpaka magotini. Kwale waliita, mmoja huku, mwingine akamjibu kutoka upande wa pili wa bonde. Muzehe alisimama amefumba macho kama mtu aliye kanisani. Halafu tukaanza kurudi kwa njia nyingine, na hapo ndipo tulipouona.

Ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwenye kijiti kilichopindwa. Ndani ya kitanzi kulikuwa na mguu. Mguu tu, mwekundu, na manyoya machache chini. Ndege mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amevuta mpaka akaacha mguu wake, akaenda kufa mahali pengine, au labda anaishi na mguu mmoja.

Muzehe hakusema neno. Aliufungua ule waya kidogo kidogo kwa vidole vyake vilivyokakamaa, akatafuta, akapata wengine wanne. Tulipofika nyumbani alimwita mjukuu wake wa miaka kumi na minne, akaweka waya tano juu ya mkeka, na ule mguu kando yake. Mimi nilitegemea fimbo. Muzehe aliuliza tu: "Ulitega ngapi?" Kijana akasema tano. Halafu akafikiri, akasema sita. Halafu akasema hakumbuki.

"Basi nenda ukatafute mpaka ukumbuke," akaambiwa. Aliondoka bila kunywa uji. Alirudi saa tisa mchana na waya wa sita na wa saba.

Wazazi wenzangu, najua wengine mtauliza: kuna kosa gani mtoto kutafuta mboga? Nami siwezi kujifanya sijui njaa. Hapa kambini tunajua mwezi unavyokuwa mrefu pesa ya chakula inapoisha. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu nyama ya porini katika kambi za wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Jina la ripoti lilitokana na nyama yenyewe: mchicha wa usiku. Nyama hiyo ilipikwa gizani ili jirani asiulize. Waliandika wazi kwamba chanzo kimoja ni mgao usiokuwa na nyama hata kidogo: unga, maharage, mafuta, basi. Nilipoelezwa habari hiyo sikumlaumu mtu, maana sufuria la usiku wote tumewahi kulisikia harufu.

Lakini waya haumjui mwenye njaa. Unakamata kwale jike wakati wa vifaranga, unakamata nsya mwenye mimba, na ukiusahau unaendelea kukamata. Huko msitu wa Budongo, Uganda, kuna sokwe wengi waliopoteza vidole au kiganja kizima kwa waya uliotegwa kwa ajili ya wanyama wengine. Na sheria ya Rwanda haina mchezo: kuua mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na ndani ya mbuga ni kosa kubwa zaidi. Mkimbizi akikamatwa na waya mfukoni, nani atasimama upande wake? Kwa upande mwingine serikali imeelewa kwamba watu wa kando ya msitu lazima wapate kitu. Tangu 2005 sehemu ya mapato ya mbuga inarudi kwa jamii za jirani, kwanza asilimia 5, siku hizi 10. Muzehe anasema mizinga ya kisasa aliyo nayo ilitoka kwenye ushirika wa namna hiyo. Zamani alikuwa anachoma moto shina la mti kufukuza nyuki, na mwaka 1997 alishuhudia Nyungwe ikiungua vibaya.

Nina binamu aliyepelekwa Marekani, jimbo la Maine, kaskazini kabisa karibu na Kanada. Nilimpigia nikamsimulia. Akacheka, akasema hata yeye amewahi kwenda kuwinda kwale. Kwale wa huko si ndugu wa karibu wa huyu wetu, anaishi katika misitu ya baridi, na anapiga mabawa kama ngoma. Alikwenda na mtu anayefanya naye kazi kiwandani. Kwanza ilibidi asome darasa la usalama na kulipa leseni. Wanafungua msimu majani yakianza kuanguka, vifaranga wameshakua, na mtu haruhusiwi kuzidisha ndege wanne kwa siku. Jumapili hakuna kuwinda. Eti walitembea tangu asubuhi, wakamkuta kwale amesimama katikati ya njia, karibu kabisa. Binamu akasema, "Piga!" Yule Mmarekani akakataa. Akapiga makofi ndege aruke kwanza, akapiga risasi, akakosa. Wakarudi mikono mitupu, na yule mtu amefurahi kana kwamba amepata. Binamu mpaka leo haelewi. Muzehe nilipomweleza alielewa mara moja, akataka kujua kama mbwa wao wanavaa njuga.

Sasa niseme langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1996 nilikuwa na umri wa yule kijana. Nilichoshwa na kamba za babu zinazooza kila mvua ikinyesha. Nikapata waya wa baiskeli iliyokufa, nikaukata vipande, nikatega mitego tisa kwenye nyasi juu ya malisho yetu. Nilimficha babu. Sikufunga fundo lolote. Siku ya tatu nikapata kwale wawili, tukawala na rafiki zangu nyuma ya zizi, na nikajiona mwanaume. Wiki hiyo hiyo vita vikafika. Tuliondoka usiku, baba amebeba mdogo wangu, huyu huyu dada wa Nyakarenzo, na mimi nimebeba sufuria. Hapo Kiziba tulifika kambi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, mwezi wa Desemba.

Babu hakufika. Mitego yake ya kamba, kama aliiacha, mvua ya kwanza iliimaliza. Yangu ni ya waya. Kwa miaka mingi nimelala hapa kambini nikiikumbuka kwa mpangilio: mmoja kwenye jiwe, miwili kwenye mti wa mwiba, mitatu kwenye njia ya maji. Watu wanaota nyumba zao na ng'ombe wao. Mimi naota waya.

Nilimwambia Muzehe siku ya kuondoka, tukisubiri moto barabarani. Hakunipa pole. Aliniuliza ilikuwa mingapi. Nikajibu tisa, bila kusita. Akatingisha kichwa polepole. Halafu akanipa chupa ya asali, na zile waya saba zilizoviringishwa pamoja. "Hizi mimi sizitaki nyumbani kwangu," akasema.

Kwenye basi nilikaa upande wa ziwa tena. Waya nimezitumia juzi kukaza mlango wa banda la kuku. Mwanangu alinishikia koleo, akauliza baba umezitoa wapi, nikamsimulia yote, mpaka ile ya Kalehe. Alihesabu kwa vidole, jiwe, mti wa mwiba, njia ya maji.

"Hizo ni sita, papa," akasema. "Tatu nyingine ziko wapi?"

Nikamwambia ashike koleo vizuri, na nikaanza kufikiri.